Tandaza, usigandishe: sakafu ya muda kwa sisi tuliopanga

#1 Nyayo_Laini

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimeishi nyumba nne za kupanga, na hakuna kitu kilichonipa raha na machozi kama sakafu. Ukuta mbaya utausogezea kabati. Pazia bovu utalishusha. Sakafu huna pa kuificha: ukiamka unaikanyaga, mtoto anatambaa juu yake, mgeni akiinamisha macho anaiona. Na kwa kuwa nyumba ni ya mtu, huwezi kuvunja ukamwaga upya.

Kila mara mtu anauliza abandike nini. Mimi naomba tuanze na swali lingine: siku ya kuhama, utakitoaje?

Nyumba ya pili ndiyo iliyonifundisha. Jikoni kulikuwa na vigae vya zamani, vimefifia, viwili vina ufa. Nikanunua vile vigae vya vinili vyenye gundi mgongoni, unabandua karatasi unabandika. Kwenye pakiti wameandika kwamba vinatoka bila kuacha alama. Kwa siku moja jiko zima lilibadilika, nikawa naingia humo hata sina kazi, naangalia tu. Baada ya miaka 2 nikahama. Kigae cha kwanza nilikitolea chini ya meza, mahali pasipokanyagwa, kikaja vizuri. Nikajua nimepona. Nilipofika mbele ya sinki na karibu na dirisha linaloingiza jua, vikaanza kukatika katikati: uso wa kigae umebaki mkononi, gundi imebaki chini, laini kama asali, imeshika vumbi na kuwa nyeusi. Usiku tatu nilipiga magoti na draya ya nywele mkono mmoja na kadi ya plastiki ya zamani mkono mwingine, napasha, nakwangua, nafuta kwa spiriti. Juu ya vigae ilitoka. Kwenye mistari ya grauti, ile saruji ya kujazia kati ya kigae na kigae, haikutoka, ilishaingia ndani. Sehemu ya amana yangu ikabaki kwa mwenye nyumba, na kusema kweli alikuwa na haki nayo.

Baadaye ndipo nikaelewa. Gundi ya namna ile inashika kwa kukandamizwa. Haikauki ikawa ngumu, inabaki laini miaka yote, na kila unapoikanyaga inatambaa na kujaza vitundu vya sakafu. Joto linailainisha ikatambaa zaidi. Ndiyo maana chini ya meza kulikuwa na amani na mbele ya sinki kulikuwa na vita. Anayekwambia vinatoka kirahisi huenda ni kweli vilimtokea hivyo, lakini muulize alivikalia muda gani na jua lilipiga wapi.

Tangu siku ile sakafu yangu inalala juu ya sakafu ya mwenye nyumba. Haishikani nayo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni vinili ya roli, lile zulia la plastiki linalouzwa kwa upana wa mita 2, 3 au 4. Chumba cha kawaida unakitandika kwa kipande kimoja bila kiungo, kwa hiyo maji yakimwagika hayana pa kupenya ila pembeni. Siri yake ni subira. Likifika limejikunja, usilikate siku hiyo. Lifungue chumbani, uliache siku moja au mbili lilale lenyewe, hasa kama kulikuwa na baridi njiani. Kisha likate ukiacha sentimita 5 hadi 10 za ziada zinazopanda ukutani kila upande, halafu punguza kidogo kidogo mpaka ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na ukuta. Nafasi hiyo usiionee ubahili. Vinili hutanuka kwenye joto, na ikikosa pa kwenda inainuka katikati ya chumba kama tumbo. Na badilisha wembe mapema. Wembe ukiwa butu unavuta vinili badala ya kuikata, mstari unatoka na mawimbi, na mawimbi hayo utayaona kila siku.

Jambo moja watu hulisahau: vinili nyembamba inaonyesha kila kilicho chini yake. Weka ya milimita 1 juu ya vigae, ndani ya wiki chache mistari ya grauti itajichora juu kama mbavu. Mimi siendi chini ya milimita 2.5, tena ile yenye sponji nyuma. Na kabla ya kutandika fagia, futa, fagia tena. Punje moja ya mchanga chini ya vinili inakuwa kipele, na kipele kikikanyagwa sana kinakuwa tundu.

Chumbani nimeweka vipande vya zulia vya mraba, sentimita 50 kwa 50. Kimoja kikichafuka nakitoa peke yake, naosha, nakirudisha. Havihitaji gundi iwapo vimebanana na ukuta pande mbili na kitanda kimekaa juu ya baadhi. Kwenye baraza niliweka zile mbao ndogo zenye miguu ya plastiki zinazochomekana, maji yanapita chini. Hizo sina mengi ya kusema, zinafanya kazi yake. Ziinue mara kwa mara ufagie uchafu.

Karibuni. Aliyefaulu aseme, aliyeumia aseme zaidi.

#2 Mgeni_Mpya

Asante kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili. Mimi nina chumba cha chini kabisa, sakafu ni saruji tupu, ya kijivu, ina vumbi lisiloisha hata ukipiga deki mara ngapi. Nataka vinili ya roli kama yako. Ila asubuhi nikiinua sanduku lililokaa chini naona saruji pale ina rangi nzito kuliko kwingine, na kuna harufu kidogo. Nitandike tu?

#3 FundiPimamaji

Mgeni, usitandike bado. Harufu hiyo na ule weusi chini ya sanduku ni unyevu unaopanda. Saruji ni kama sponji ngumu: inanyonya maji ardhini na kuyatoa juu kama mvuke. Leo sakafu yako inapumua, mvuke unaondoka huoni kitu. Siku utakapoifunika kwa plastiki, mvuke unakwama, na baada ya miezi michache chini kuna ukungu mweusi na chumba kizima kinanuka.

Fanya kipimo hiki, hakihitaji chombo. Chukua plastiki inayoonyesha, ukubwa wa sentimita 45 kwa 45. Safisha sakafu, ilaze, ziba kingo zote nne kwa tepu isipite hewa. Iache saa 16 au zaidi, mimi huwa naiacha siku nzima, mahali pasipopigwa na jua. Kisha ifungue. Ukikuta matone upande wa chini wa plastiki, au saruji imekuwa nyeusi pale, una unyevu. Weka vipande vitatu au vinne: kimoja katikati, vingine karibu na kuta, hasa ukuta wa bafu na ukuta wa nje. Mara nyingi chumba kizima ni kikavu na kona moja tu ndiyo mgonjwa.

Wenye nyumba mpya nao wawe macho. Sisi mafundi tunahesabu kama mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa zege. Zege la sentimita 10 linataka miezi 4 hivi, na hiyo ni hali ya hewa ikiwa nzuri. Inaonekana kavu juu, ndani bado.

Niseme na jambo la hatari, maana watu hulipita wakikimbilia uzuri. Kama nyumba ni ya zamani sana na umekuta vigae vya plastiki vidogo vya mraba, sentimita 23 hivi kila upande, hasa vikiwa na gundi nyeusi kama lami chini yake, usivikwangue, usivipige msasa, usivivunje. Vingi vya enzi hizo vilichanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Vikiwa vizima vimelala, haviumi mtu. Mwambie mwenye nyumba, kisha funika kwa kitu kinacholala juu tu. Hapa ndipo nakubaliana na Nyayo_Laini kabisa: gundi ya kubandika juu ya vigae vile siku ya kubandua itavunja kigae cha chini.

#4 MamaPacha

Mimi nina watoto wawili wanaotambaa, nimetumia vile vipande vya sponji vinavyochomekana kama fumbo. Kwa kweli vimeniokoa, wakianguka hawaumii na baridi ya sakafu haipandi. Lakini kuna mambo sikuambiwa dukani.

Maji na mkojo vinapita kwenye viungo. Juu unafuta unaona pakavu, chini kuna dimbwi. Siku ya kwanza niliyoinua baada ya wiki tatu nilitaka kulia, kulikuwa na alama ya utelezi imefuata kila mstari wa meno. Sasa kila Jumamosi vinainuliwa, vinasimamishwa ukutani vikauke, sakafu inapigwa deki na kuachwa wazi nusu siku.

Miguu ya kitanda cha mtoto ilizama ikaacha mashimo ambayo hayakurudi tena. Nimekata vipande vidogo vya plaiwudi, kama kiganja, nikaviweka chini ya kila mguu, uzito unasambaa. Na vilivyo karibu na dirisha vimepauka rangi na vimejikunja kingo, jua halivitaki. Vile vijiti vyembamba vya pembeni vinavyomalizia umbo niliviondoa vyote, kwa sababu mmoja wa pacha alikuwa na kimoja mdomoni.

#5 Mstari_Mnyoofu

Nyayo_Laini nakuheshimu, ila vigae vya kubandika usivifukuze moja kwa moja. Jiko langu ni dogo, na nilivitumia hivi: nilinunua hadibodi ya milimita 3, nikaikata vipande vinne vinavyolingana na sakafu, nikabandika vigae juu ya hadibodi nikiwa sebuleni, halafu nikavilaza jikoni kama meza nne. Hakuna gundi iliyogusa sakafu. Chini niliweka wavu wa kuzuia kuteleza. Nikihama nainua vipande vinne, naondoka navyo. Nina mwaka wa pili sasa.

Kibaya ni kimoja, pale karibu na sinki kipande kimoja kimevimba ukingo. Nadhani maji yameingia ubavuni.

#6 Nyayo_Laini

Mstari_Mnyoofu, hilo nimelipenda na narudisha sehemu ya maneno yangu. Gundi yako imeshika kitu chako, si cha mwenye nyumba, na hicho ndicho ninachokililia. Ningekuwa mimi ningepaka kingo za hadibodi rangi ya mafuta au vanishi mara mbili kabla ya kulaza, hasa ubavuni, kwa kuwa hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na hunywa maji kupitia ukingo kuliko kupitia uso. Kipande kilichovimba hakitarudi, kibadilishe.

Na kwa yeyote ambaye amekwisha kubandika na anahama: pasha kwanza, vuta pole pole kwa pembe ya chini, karibu na sakafu, usivute kwenda juu. Mabaki yafute kwa spiriti, ukijaribu kwanza kona iliyojificha, madirisha yakiwa wazi na moto mbali. Asetoni usiipeleke karibu na sakafu ya vinili au mbao iliyopakwa vanishi, inayeyusha. Siki nayo usiipeleke kwenye marumaru halisi, inaila ikabaki na doa lisilong'aa.

#7 Ghorofa_ya_Tatu

Samahani nachomekea. Jirani wa chini analalamika hatua zetu. Nimefikiria kuweka zile mbao za vinili za kuchomekana, na chini yake niweke tandiko nene sana lenye kubonyea ili lizime sauti. Wazo langu ni sahihi? Na je laminati si nafuu zaidi?

#8 FundiPimamaji

Nusu sahihi, nusu litakuumiza.

Sauti ya hatua inazaliwa pale kisigino kinapogonga. Ikishaingia kwenye zege inasafiri, huwezi kuikimbiza tena. Kwa hiyo kweli lazima uikate juu, kwa kitu laini. Lakini mbao za kuchomekana zinashikana kwa meno membamba kuliko ukucha. Ukiziweka juu ya kitu kinachobonyea sana, kila hatua meno yanakunjwa juu chini, juu chini, na baada ya muda yanavunjika, viungo vinaachia. Vinili inataka tandiko jembamba na gumu, milimita 1 hadi 1.5, na kama ubao umekuja na tandiko lake mgongoni usiongeze lingine. Ukitaka amani na jirani, weka zulia nene juu, na chini ya zulia weka feliti nzito, kile kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, hasa njia mnayopita kutoka chumbani kwenda bafuni. Hilo litafanya kazi kuliko vinili yoyote.

Laminati: uso wake ni mgumu, haukwaruziki haraka, lakini moyo wake ni nyuzi za mbao. Maji yakikaa kwenye kiungo, kingo zinavimba na kuinuka, na hakuna dawa. Kwa sebule au chumba cha kulala sawa, jikoni mimi siiweki. Ilibuniwa Uswidi mwaka 1977, na ilipoanza kuuzwa iliunganishwa kwa gundi kwenye viungo, mpangaji asingeweza kuigusa. Meno ya kuchomekana bila gundi yalikuja miaka ya 1990, na ndiyo yaliyofanya sakafu iwe kitu unachoweza kukifungua na kukihamisha.

Ukiamua vinili ya kuchomekana, angalia mambo haya. Unene wote milimita 4 hadi 6 unatosha. Muhimu zaidi ni ngozi ya juu, ile inayokanyagwa: milimita 0.3 kwa nyumba ya watu wachache, 0.5 kama kuna mbwa au viti vya magurudumu. Laza ubao ulionyooka wa mita 2 juu ya sakafu ya zamani. Ukiona mwanga chini yake kuzidi milimita 3, mbao zitacheza. Ziache chumbani siku mbili kabla ya kutandika. Acha nafasi ya kupumulia pembeni, milimita 5 hadi 10 kama mtengenezaji anavyosema, na usifunge kabati zito juu yake kwa skrubu, sakafu ya namna hii lazima iwe huru kutanuka.

Kwa hesabu: chumba cha mita 3.6 kwa 3 ni mita za mraba 10.8. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, inakuwa 11.88. Boksi likiwa na mita za mraba 2.2, gawanya, unapata 5.4, nunua 6. Na usitupe mabaki, nyumba ijayo chumba hakitalingana na hiki.

#9 FunguoMkononi

Niko upande wa pili, nina vyumba ninavyopangisha. Niwaambie tunachokiogopa, kwa nia njema.

Hatuogopi urembo wenu. Tunaogopa kuitwa siku ya mwisho tukakuta kitu ambacho hatukujua kipo. Mpangaji wangu mmoja aliniandikia ujumbe mfupi: anataka kutandika vinili juu ya sakafu ya mbao, hatatumia gundi wala msumari, ataitoa akihama, na akaambatanisha picha za sakafu ilivyo sasa, mikwaruzo yote. Nilimjibu ndiyo siku hiyo hiyo. Mwingine alitandika kimya, mlango ukagoma kufunguka, akaukata chini kwa msumeno. Mlango ule ndio uliotugombanisha, sakafu wala.

Kwa hiyo ombeni kwa maandishi hata kama mnaelewana vizuri. Pigeni picha kila kona siku mnayoingia, zenye tarehe, pamoja na pale palipo na doa la zamani. Pimeni mlango kabla ya kununua: chukua kipande cha sampuli, kiweke chini ya mlango, uufungue mpaka mwisho polepole. Ukikwaruza popote, chagua kitu chembamba au acha eneo la mlango bila kutandika. Msing'oe skatingi, ile mbao ya chini ya ukuta, plasta huja nayo. Na kizingiti cha kumalizia pale mlangoni kisipigiliwe misumari.

Kwa sakafu za mbao nina ombi la ziada. Jua hubadilisha rangi ya mbao. Zulia likikaa sehemu moja miaka mitatu, ukiliinua unakuta mraba wa rangi nyingine. Lisogezeni, ligeuzeni, hata mara mbili kwa mwaka.

#10 Kona_Nne

Hapo kwenye wavu wa kuzuia kuteleza na mimi niseme. Nyumba niliyohama ilikuwa na sakafu ya vinili nyeupe. Niliweka zulia dogo lenye mgongo wa mpira mbele ya sinki la bafu. Nilipoliinua kulikuwa na umbo lake lote chini, rangi ya kahawia isiyoiva, kingo kali kama limepigwa muhuri. Nimesugua kwa kila nilichokuwa nacho. Halijatoka.

#11 FundiPimamaji

Kona_Nne, na halitatoka, pole sana. Kwenye mpira huwa kuna dawa za kuuzuia usichakae, na dawa hizo zinahama polepole kuingia ndani ya vinili na kuigeuza rangi. Doa liko ndani ya vinili yenyewe, halipo juu, ndiyo maana hata usugue vipi unasugua bure. Juu ya vinili tumia feliti, au wavu ulioandikwa wazi kwamba unafaa kwa vinili. Mstari_Mnyoofu, wewe chini yako ni vigae vya udongo au vinili?

#12 Mstari_Mnyoofu

Vigae vya udongo. Lakini nimekwenda kuinua hata hivyo, moyo ulikuwa unanidunda. Pako salama.

#13 Ghorofa_ya_Tatu

Na ile mbinu ya kuweka tepu ya karatasi ya mafundi rangi sakafuni kwanza, halafu tepu ya pande mbili juu yake, ili gundi kali isiguse sakafu? Nimeiona kila mahali.

#14 Nyayo_Laini

Kwa wiki moja au mbili sawa, kwa mfano una wageni na hutaki zulia litembee. Kwa mwaka, hapana. Tepu ile ya karatasi imetengenezwa itolewe baada ya siku chache. Ikikaa inakauka, karatasi inachanika vipande vidogo kama kucha na gundi yake inabaki. Niliijaribu chini ya ukingo wa vinili pale mlangoni. Sasa nafanya hivi: ukingo wa mlangoni naulalia kizingiti kizito cha aluminiamu kisicho na msumari, na pande nyingine zinashikwa na kitanda, kabati na meza. Vinili nene ya chumba kizima haitembei. Kinachotembea ni kipande kidogo, na kipande kidogo kinataka feliti yenye kushika, basi.

#15 Mgeni_Mpya

Nimerudi na majibu ya plastiki. Niliweka vipande vinne. Cha katikati, cha dirishani na cha mlangoni vilikuwa vikavu. Cha upande wa bafu kilikuwa na matone makubwa, ukikipiga kidole yanatiririka, na saruji chini ilikuwa nyeusi kabisa. Nikapiga picha, nikamtumia mwenye nyumba kwa maandishi kama FunguoMkononi alivyosema. Amekuja na fundi bomba. Bomba la maji ya bafu lilikuwa linavuja ndani ya ukuta, kidogo kidogo, huenda kwa muda mrefu. Wamevunja sehemu ndogo, wamebadilisha.

Kama ningetandika siku ile nilipouliza, nisingejua mpaka ukuta unyonyoke.

Sasa nifanye nini nikisubiri? Vumbi la saruji linanimaliza, nakohoa.

#16 FundiPimamaji

Umefanya vizuri mno. Subiri ukuta na sakafu vikauke, kisha rudia plastiki pale pale kila baada ya wiki mbili. Usihesabu siku, hesabu matokeo. Kwa vumbi, muulize mwenye nyumba kama atakubali upande ulio mkavu upakwe dawa ya kukazia saruji, ile ya maji inayoingia ndani na kuifanya ngumu. Haileti rangi wala tabaka la juu. Hiyo haitoki tena, kwa hiyo ni uamuzi wake, na kwa kuwa ni faida ya nyumba yake huenda akalipia mwenyewe. Kwa sasa tandika kitu kinachopitisha hewa: mkeka uliosukwa au zulia la pamba lisilo na mpira mgongoni. Linyanyue kila wiki, ulining'inize nje.

#17 Mgeni_Mpya

Wakuu, kipimo cha tatu ni kikavu, hata tone. Mwenye nyumba alilipia dawa ya kukazia, vumbi limeisha. Vinili imefika, mita 3 kwa 4, milimita 3, mchoro wa mbao. Imelala chumbani tangu jana, kingo mbili bado zinainama juu kidogo. Mistari ya mchoro niielekeze wapi, na nianze kukata upande gani?

#18 Nyayo_Laini

Mistari iende na mwanga, kutoka dirishani kuingia ndani, chumba kitaonekana kirefu. Anza na ukuta mrefu ulionyooka kuliko mingine, usogeze ukingo wa kiwandani pale ukiacha zile milimita 3 hadi 5, hapo hukati kitu. Kingo zinazoinama ziwekee vitabu vizito usiku wa leo. Kesho ukifika kwenye kona ya ukuta inayoingia chumbani, pasua mstari mmoja kutoka ukingo wa vinili hadi usawa wa ncha ya kona, usipitilize hata milimita, vinili itaangukia pande zote mbili yenyewe. Eneo la mlango liache mwisho. Mkono ukianza kuchoka, weka wembe chini, upumzike kwanza.

#19 Mgeni_Mpya

Nimemaliza saa hii. Kona moja nilipitiliza kama sentimita moja, kabati limekaa juu yake. Mlango unafunguka wote. Upande wa bafu nimeacha ukingo huru, naweza kuuinua kwa mkono mmoja nikaangalia saruji, na nimejiwekea niangalie kila mwisho wa mwezi.